Kitanda Kilichotoka Ukutani

Jumapili moja, si zamani, baba yangu alimwambia binti yangu ashuke kwenye benchi lake la miguu ya chuma, lile la tangu nikiwa mdogo.

"Shuka, Pendo, usije ukanivunjia. Wewe ni mzito kama mama yako. Huyu mama yako unayemwona aliangusha kitanda kizima na wamama juu yake."

Majirani waliokaa uani kwake pale Chakol wakacheka. Mimi pia nikacheka, ile ya meno tu. Utani huo nimeucheka tangu nikiwa na miaka kumi. Nimeucheka kwenye harusi, nimeucheka kwenye matanga, nimeucheka mbele ya mwanamume aliyekuja kutoa mahari yangu. Mtu akizoea mwiba huacha kuchechemea, lakini mwiba bado umo.

Pendo ana miaka saba. Alishuka. Chakula kilipokuja, ugali na dagaa wa omena, alikata matonge mawili akasukuma sahani.

"Umeshiba?"

"Hapana. Sitaki kuwa mzito."

Niliitazama ile sahani mpaka omena zikapoa. Naijua sahani ya namna hiyo. Nimeisukuma mimi mwenyewe miaka na miaka, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekuwa na akili ya kuniuliza kwa nini. Hasira niliyoondoka nayo siku hiyo sikuwa nimewahi kuijua, na ninaandika nikiwa nayo bado. Anayetaka maneno ya upole atafute mwingine.

Wacha nianze na hicho kitanda.

Baba alikuwa mlinzi wa yadi ya malori Malaba, pale mpakani. Nyinyi wa rika langu mliokulia huko mnaijua foleni ile, trela nyuma ya trela mpaka mwisho wa macho, madereva wakipika kando ya magurudumu huku wakingoja karatasi za kuvuka. Ndani ya yadi kulikuwa na karavani, nyumba ya kukokotwa nyuma ya gari, iliyoachwa na wazungu waliokuwa wakienda Uganda. Ekseli yao ilivunjika. Wakabeba mabegi, wakavuka kwa miguu, hawakurudi. Mwenye yadi alichoka kuitazama, akamwambia Baba, "Boss, ingia humo na familia yako. Nyumba bila mtu huliwa na panya."

Tukaingia. Ilikuwa na harufu yake ambayo sijawahi kuikuta mahali pengine: mbao za gundi zilizochemka juani, sponji ya godoro, na dizeli iliyoingia kwa kila tundu. Lakini ajabu yake ilikuwa kitanda. Hakikukaa ndani. Ulikisukuma kama droo, kikateleza juu ya reli mbili na kutokeza nje ya ukuta na kijipaa chake, nusu ya kitanda ikibaki inaelea juu ya ua. Kwa njia hiyo ndani mlipata nafasi ya kupika na kuoga. Utingo wa malori waliopita walitucheka.

"Nyumba yenu imetoa ulimi!"

"Inawatolea nyinyi," Mama aliwajibu, na tumbo lake kubwa likitangulia dirishani. Alikuwa karibu kujifungua.

Kwenye fremu ya kitanda, upande wa mlango, palikuwa na kibati chenye maandishi ya Kiingereza. Nusu ya chini ilikuwa imefunikwa na ubao ambao Baba aliupigilia siku ya kwanza ili aning'inize neti. Nusu ya juu ilisomeka. Baba hakupita darasa la tatu, na mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza, basi karatasi zote za nyumba ile nilizisoma mimi, za kliniki, za shule, mpaka maandishi ya pakiti za dawa ya kunguni. Nikasimama wima kama msomaji wa kanisani, nikasoma. Kibati kilisema kitanda kikiwa nje kisibebe zaidi ya kilo mia moja na themanini.

"Basi sisi ni wepesi," Baba akasema, akaenda zake.

Mimi sikuenda zangu. Mtoto wa Malaba anajua mizani kabla hajajua kusoma saa. Nilikuwa nimeona trela likipimwa, likikutwa limezidi, na dereva mzima mwenye ndevu akikaa chini kushika kichwa. Nilijua kwamba kilo zikizidi, kuna mtu anashikwa. Sasa kumbe na sisi tulikuwa tunalala juu ya kitu chenye mizani, na mimi peke yangu ndiye niliyesoma amri.

Kando ya yadi kulikuwa na stoo ya nafaka ya Mama Ekisa, mama mnene wa Kiteso mwenye sauti ya kengele, na mlangoni pake kulikuwa na mizani ya kukanyaga ya kupimia magunia. Nikajipima. Ishirini na saba. Nikamvuta Mama, nikamdanganya kwamba mwalimu anataka tuandike uzito wa wazazi. Sabini na nne, pamoja na mtoto wa tumboni. Jumla mia moja na moja. Nikashusha pumzi. Baba hatukumhesabu kwa sababu alikesha getini na mchana alijilaza kwenye kibanda chake.

Kisha Kukhu akaja kutoka Sio Port, kule ziwani. Kukhu ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama mzazi wa Baba. Alikuja na mfuko wa omena kichwani, kumsaidia Mama kujifungua. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye mizani. Alisimama mbele yake, akaitazama, akanitazama.

"Hii si ya mahindi?"

"Ni ya mahindi, Kukhu, lakini hata watu inapima."

"Mimi si mahindi." Akageuka. "Mtu hupimwa akiwa mchanga. Akishajua jina lake, anaachwa."

Mama Ekisa alicheka mpaka akashika mlango, akanisalimu kwa Kiteso chake. "Yoga, mwalimu mdogo! Umekuta wa darasa lako leo!"

Kukhu hakulala kwenye kitanda kile hata siku moja. Si kwa sababu ya kilo. Kwetu mama hakalii kitanda cha mwanawe aliyeoa. Ni mwiko, na aliuchukua kwa uzito wote. Alilala kwenye kochi jembamba la ndani, miguu ikining'inia, na hakulalamika.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mweupe kama ndani ya muhogo. Siku ya nne wamama wa pale wakaja kumwona. Na hapa lazima niwaeleze desturi, kwa sababu bila hiyo mtasema walikuwa wajinga, na hawakuwa. Mwanamke anayekuja kuona mtoto mchanga pale kwetu hasimami mlangoni, na kiti akipewa hakitaki. Anakaa kitandani, kwenye kitanda cha mzazi, anapokea mtoto hapo, anakunywa uji hapo. Ndivyo anavyoonyesha kwamba hana kinyongo. Anayesimama watu watamkumbuka: mtoto akipata homa baadaye, macho yote yatamgeukia.

Walikuwa watano. Mmoja baada ya mwingine walipanda, na kila aliyepanda mimi nilijumlisha. Nilikuwa nimeshika jagi la uji. Mama Ekisa peke yake nilimkadiria gunia moja la mahindi. Mama. Wale wengine wanne. Nilifika mia mbili nikiwa bado sijamaliza.

"Kukhu naye?" mmoja akauliza. "Mwenye mjukuu anasimama?"

"Mimi sikai kitanda cha mwanangu," Kukhu akasema.

"Hiki kitanda?" Mama Ekisa akapiga godoro kofi. "Hii ni droo ya mzungu! Imeandikwa wapi kwamba droo ina mwiko? Panda, mama, umpokee mjukuu wako."

Wakacheka wote, na Kukhu, ambaye nadhani mikono ilikuwa inamwasha kumshika yule mtoto, akacheka pia. Akapanda. Wakampisha mpaka mwisho kabisa, kule nje ya ukuta, mahali pa heshima, wakampa mtoto.

Nikasema. Nilisema kwa sauti ambayo ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Samahani, wamama. Kitanda hiki ni kilo mia na themanini. Mmezidi. Lazima wengine washuke."

Kicheko kilikatika. Halafu kikarudi mara mbili.

"Ati tumezidi! Askari wa mizani ameingia nyumbani!"

"Tuvushe tu, boss, mzigo wenyewe ni wa halali!"

Mama hakucheka. Aliniona nimesimama peke yangu katika chumba ambamo kila mtu amekaa, dada wa kwanza, mtoto mpya akiwa na siku nne. Alijua watakavyosema wakifika nje: yule msichana ana wivu na mdogo wake.

"Nekesa," akasema polepole, na polepole yake ndiyo ilikuwa mbaya. "Usiniaibishe mbele ya watu. Weka jagi. Panda ukae."

Nikaweka jagi. Nikapanda. Nilikaa kwenye ukingo kabisa, na matako yangu hayakuwa yamegusa godoro vizuri niliposikia chuma kikilia chini yetu, mlio mrefu kama breki ya trela. Kisha mwanga ukaingia mahali ambapo hapakuwa na dirisha. Upande wa nje wa kitanda ulishuka wote, sisi tukaporomoka juu ya wenzetu, na Kukhu alikuwa wa kwanza kufika chini.

Mtoto hakuumia. Kukhu alianguka mikono ikiwa juu, kamshika kama mtu anayevuka mto na mzigo. Mtoto hata hakulia. Lakini Kukhu nyonga yake ilivunjika, na nikiwa nimelala juu ya mguu wa Mama Ekisa niliusikia mvunjiko, au baadaye nilijiambia kwamba niliusikia. Uji ulikuwa umemwagika kila mahali. Tangu siku hiyo sinywi uji wa wimbi.

Hospitali walimfunga, wakamrudisha. Hakutembea tena. Baada ya wiki chache wakampeleka nyumbani Sio Port, akalala chumba kinachotazama omena zikianikwa, na alifariki kabla ndugu yangu hajasimama.

Watu wakaanza kusema, nanyi mnajua watu. Alikalia kitanda cha mwanawe, mwiko umemrudi. Nilimsikia Baba akijibu getini, na ndiyo mara ya kwanza nilipousikia utani ule. "Mwiko gani? Kitanda kiliwabeba wamama wote vizuri. Huyu wangu mdogo ndiye aliyepanda kikaanguka! Mkitaka kujua nani mzito Malaba, ni Nekesa." Wakacheka. Habari za mwiko zikafa. Utani ukabaki.

Mimi sikuujua kuwa ni utani. Hesabu ilikuwa inakubali. Kitanda kilikuwa kimesimama, nikapanda, kikaanguka. Nilikuwa nimesoma amri mimi mwenyewe, na nikaivunja mimi mwenyewe. Kilo ishirini na saba. Basi nikaanza kuzipunguza. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nakula nusu ya tonge na kumpa kuku nusu, na kila Ijumaa nikitoka shule nilipita kwa Mama Ekisa kukanyaga mizani. Nilipofika ishirini na nne nilifurahi. Nilidhani kuna mahali, kama pale mpakani, ambapo mtu akifika na kilo sahihi anafunguliwa kizuizi na Kukhu anatembea.

Tulienda kumwona mara moja. Alinishika mkono kwenye kifundo, vidole vyake vikazunguka vikakutana.

"Umekonda. Nani anakunyima chakula?"

"Hakuna. Napunguza kilo, nisiangushe tena kitu."

Nje wanawake walikuwa wanafukuza kunguru kwenye nyavu.

"Nekesa, nisikilize. Mimi ndiye niliyekuwa mwisho kule. Kilianza kuanguka chini yangu, si chini yako. Nilisikia hapa chini hapana kitu. Kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kabla hujakaa."

Sikumwamini. Nilidhani ni huruma ya mtu mzee, vile wanavyokwambia sindano haiumi. Nikamwitikia, nikarudi nyumbani nikiwa na kilo zangu ishirini na nne na hatia yangu nzima.

Sitawachosha na yaliyofuata. Nilizimia kwenye paredi ya shule nikiwa kidato cha pili, wakasema malaria. Nikiwa na mimba ya Pendo, muuguzi alinitazama kwenye mizani akauliza, "Dada, unajinyima nini?" Ningeanzia wapi? Ati kitanda? Pendo alizaliwa mdogo sana, nikamlaza kifuani wiki nyingi kama yai. Kwa hiyo aliposukuma ile sahani, mtanisamehe, sikuona mchezo wa mtoto.

Siku tatu baada ya Jumapili ile nilisikia kwamba yadi inauzwa na karavani inakatwa ipelekwe chuma chakavu. Nikaenda. Sijui kwa nini, labda kuiona ikifa. Fundi wa kukata chuma kwa gesi alikuwa tayari amefungua ukuta, na ile harufu ya mbao za gundi ikanipiga usoni, nikawa na miaka kumi papo hapo. Kitanda kilikuwa kimelala nyasini, kichwa chini miguu juu, ila miguu hakikuwa nayo. Fundi aling'oa ubao wa neti wa Baba kwa teke moja.

Kibati kikaonekana kizima.

Nilikisugua kwa kanga. Juu: kilo mia moja na themanini, vilevile. Chini, sehemu ambayo sijawahi kuiona: usipande kitanda kabla ya kushusha miguu yote miwili mpaka ardhini, bila miguu, kitanda hakibebi mtu. Na mchoro mdogo. Kitanda, na chini yake mirija miwili ya chuma yenye nyayo pana za mraba. Nikaangalia kwenye fremu. Palikuwa na matundu mawili ya kuchomekea, matupu, na ndani yake rangi ya kijani.

Nilijua mahali ilipo miguu ile. Nilikuwa nimeikalia utoto wangu wote.

"Unakitaka hicho kibati, dada?" fundi akauliza. "Chukua. Hakina kilo."

Nilimchukua Pendo shuleni tukaenda moja kwa moja Chakol. Baba alikuwa uani, juu ya benchi lake. Mama alikuwa jikoni na mwiko mkononi.

"Baba, simama."

Hivyo ndivyo nilivyomwambia baba yangu mzazi, bila salamu. Alisimama, nafikiri kwa mshangao tu. Nikalipindua benchi. Mirija miwili ya chuma, rangi ya kijani, nyayo za mraba. Nikaweka kibati juu yake.

Baba hakuhitaji kukisoma. Mchoro ulimtosha. Alitazama mbali, upande wa mihogo.

"Mtoto aondoke kwanza."

"Haondoki. Wewe ulimwambia mbele ya watu."

Mama akatoka jikoni. Akatazama benchi, akatazama kibati, na niliona anavyoelewa, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Yeye ndiye aliyeniambia nipande.

"Nilikuta imesimama pale chini tu," Baba akasema. "Kitanda kilionekana kimeshikwa na ukuta. Nikaona miguu ya nini. Nikaitoa."

"Ulijua lini?"

"Jioni ya siku ile. Niliingia chini kuangalia, nikaona matundu."

"Ukanyamaza."

"Alikuwa mama yangu, Nekesa."

"Na mimi nilikuwa nani?"

"Watu walikuwa wanamsema. Nikasema nilete kicheko, waache. Mtoto husahau."

"Nilikuwa na kilo ishirini na saba, Baba. Nikapunguza mpaka ishirini na nne. Niulize kama nimesahau."

Kuku walikuwa wanapita katikati yetu kana kwamba hakuna kitu. Pendo alikuwa amechuchumaa, anapitisha kidole kwenye mchoro wa kibati. Nikamwambia Baba, "Mwambie yeye. Mimi usiniambie kitu."

Ilimchukua muda. Yeye ni mzee sasa, magoti yake hayataki, lakini aliinama mpaka akafika usawa wa macho ya Pendo.

"Mama yako hakuangusha kitanda. Ni babu aliyetoa miguu yake."

"Kwa nini uliitoa?"

Baba akatazama lile benchi lililopinduka.

"Nilitaka mahali pa kukaa," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mama alirudi jikoni, tukasikia mwiko ukianguka sakafuni, na hakuuokota kwa muda mrefu.

Msiniulize kama nimemsamehe. Nina hasira na yeye, nina hasira na Mama, nina hasira na kila mtu mzima aliyecheka akiona mtoto anakonda mbele yake. Na nina hasira kwamba Kukhu aliniambia ukweli akiwa amelala na nyonga iliyovunjika, nami nikauchukua kama peremende.

Lakini siku ile nililigeuza benchi, nikalisimamisha. Nikakaa, si ukingoni. Nikampandisha Pendo pajani. Mama alipoleta ugali nikamwambia Baba naye akae, na akakaa, mwisho kabisa, mikono magotini. Watu watatu na sahani. Pendo alikula nusu. Hiyo nusu nyingine naipigania bado, kila siku.

Nilikuwa nasikiliza chini yetu. Chuma hakikulia. Miguu ile ilitubeba sote bila kutikisika.